Sufuria ya Katwe yaumbuka Bunyonyi

Mimi ni mtu wa Likoni niliyenasa Kampala. Karakana yangu iko Katwe, nachomelea matangi, majiko, milango, chochote kinacholeta hela. Mwaka jana akanipigia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kando ya Ziwa Bunyonyi, kule Kabale.

"Fundi, nasikia wewe ni mtu wa baharini. Kamba unawajua?"

Mtu wa Pwani unamuuliza habari ya kamba! Hapo ndipo nilipojiponza.

Kamba wake si wa bahari. Ni hawa wa maji baridi wenye magando kama kaa, asili yao Marekani, waliopandikizwa huku na mtu. Wenyeji wanawaita krefishi, nami niliacha kubishana. Alitaka kuchemsha kilo 40 kwa mpigo, amenye mikia, agandishe, auzie mahoteli ya Kampala. Nikamtengenezea sufuria ya stenlesi ya lita 200, kikapu cha matundu, kapi ya kukiinulia, na jiko la kuni chini. Mishono niliichomelea kwa gesi ya argoni, kwa sababu maji ya chumvi hayasamehi mshono wa kulipualipua.

Siku ya majaribio maji yakatokota, kipima joto kikasoma nyuzi 93, si 100. Nikakigonga. 93. Nikakitia kwenye birika la chai la mama, 93 vilevile. Mwanawe wa sekondari, aliyekuwa anaosha kikapu, akasema bila hata kugeuka, "Anko, huku ni juu." Kweli, ziwa liko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda maji hutokota kabla ya kufika 100. Kumbe hata Katwe kipima joto kilipokuwa kinaniletea 96 hakikuwa kibovu.

Hilo dogo. Tulipomimina kilo 40, maji yalishuka hadi 82, na kuni za mkaratusi mbichi zikachukua dakika 20 kuyarudisha. Kamba walitoka wekundu wa kupendeza, nikajipiga picha nao. Mama akamenya mkia mmoja, akaubonyeza, nyama ikapondeka kama ndizi iliyopitiliza. Ganda huwahi kubadilika rangi, haliwezi kukuambia nyama imefikaje. Na ule ute wa manjano kichwani una vimeng'enya. Joto likipanda kwa kujivuta, vinaitafuna nyama kabla havijauawa na moto.

Kwa hiyo hesabu ya sufuria si kuchemsha maji. Ni kuyarudisha kwenye mchemko upesi. Nilikata kile kikapu, nikatengeneza vinne vya kilo kumikumi, bure, kosa lilikuwa langu. Kwa kilo kumi maji hushuka hadi 90 tu. Wakitolewa, moja kwa moja kwenye beseni la barafu, la sivyo wanaendelea kuiva ndani ya maganda yao. Viwanda vikubwa hupitisha kamba kwenye mkanda ndani ya chumba cha mvuke, kila mmoja dakika zake sawa. Nilimtajia mama bei ya boila peke yake, akaniuliza kama nitakunywa chai nyingine.

Sasa analalamikia mizani. Kilo 40 hazimpi nyama inayozidi sana kilo sita, na wamenyaji anawalipa kwa siku. Maganda anayasaga kuwalisha kuku. Nilipopanda juzi kubadilisha kamba ya kapi alinikaangia mayai, viini vina rangi ya machungwa iliyokolea, nikadhani ametia bizari.