495, namba ambayo foleni ya Tazara haiwezi kunichosha nayo

Jana tunatoka Kariakoo na mpwa wangu, yuko darasa la sita, daladala ikagoma kabisa pale Tazara, mbele yetu kuna bajaji, kwenye pleti ina 712. Nikamwambia hebu panga hizo tarakimu kuanzia kubwa, afu zipange kuanzia ndogo, toa. Akaandika nyuma ya risiti: 721 toa 127, 594. Rudia. 954 toa 459, 495. Rudia. Akaandika kidogo akasimama, akaniangalia, "Mjomba, mbona inarudi ileile?"

Ndo 495 hiyo. Namba yoyote ya tarakimu tatu inaishia hapo, mradi zisiwe zote sawa kama 777 maana hiyo inakupa sifuri palepale, na hatua hazizidi 6. Tukapata Noah ya 211, hiyo ndo ilitembea safari nzima: 211 toa 112 inabaki 99, hapo uandike 099 usiiache sifuri, afu 990 toa 099 ni 891, halafu 792, 693, 594, 495. Dogo alivyoziona zimepangana kwenda chini akasema zote zina 9 katikati, na mimi nilikuwa nasubiri aseme hivohivo.

Maana siri iko hapo. Ukitoa, tarakimu ya katikati iko sehemu moja kwenye namba zote mbili kwahiyo inajifuta, inabaki kubwa toa ndogo mara 99 basi. Kwenye 721, 7 toa 1 ni 6, na 6 mara 99 ni 594. Yani magari yote ya Dar hii ukishatoa mara moja tu yanabaki majibu tisa, kuanzia 099 mpaka 891, na kila jibu lina 9 katikati na zile za pembeni ukizijumlisha unapata 9. Kwahiyo 9 ndo kubwa siku zote, na ndogo iko pembeni, na kila ukirudia zile za pembeni zinasogeleana, 8 na 1, 7 na 2, 6 na 3, mpaka 5 na 4. Haziwezi kukaribiana zaidi ya hapo kwasababu 9 haigawanyiki kwa mbili. Mi hili jambo nimelijua miaka na bado linanifurahisha.

Akauliza je zikiwa nne? Inakuwa 6174, aliigundua Kaprekar, mwalimu wa shule kule Devlali India, mwaka 1949, na hatua hazizidi 7. Zikiwa mbili hakuna kutua, unazunguka tu 81, 63, 27, 45, 09, afu 81 tena.

Kingine kuhusu 495, ukiwa na kanga 12 na unataka kubeba 4 safarini, njia za kuchagua ni 495 kamili (12 mara 11 mara 10 mara 9, gawanya kwa 24).

Tulivyofika Banana risiti imejaa pande zote, konda anadai nauli, dogo hamsikii, kashika kalamu anaangalia lori la mchanga lililosimama dirishani kwetu, 853, akapiga kelele abiria wote wakageuka: "Mjomba! 853 toa 358, imetua mara moja!"