Usisubiri majibu ya HR huku siku zinakwisha

Hapa Texas mimi ni nesi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Ilipotangazwa nafasi ya msimamizi wa zamu, niliomba. Bosi akaniambia, wenzangu wawili wakisikia, kwamba lafudhi yangu itazisumbua familia. Lafudhi hiyo hiyo ndiyo inayopiga simu saa nane usiku kumwambia mtu mama yake ameanguka, na sijaona aliyeshindwa kunielewa.

Nikapeleka malalamiko HR, yaani idara ya kampuni inayosimamia wafanyakazi. Wakasema wanalishughulikia. Nikangoja, maana nimelelewa kwamba mgeni hapayuki. Miezi minne ikapita.

Nilichokuwa sijui ni kwamba siku zilikuwa zinahesabiwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu yake ya saba, inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kukubagua kwa rangi, dini, jinsia au nchi ulikotoka. Lafudhi imo humo, isipokuwa kama kweli inakuzuia kufanya kazi yenyewe. Lakini lazima uifikie EEOC, tume ya serikali inayopokea malalamiko ya ubaguzi kazini, ndani ya siku 180 tangu jambo litokee, au 300 kama jimbo lako lina ofisi yake ya kazi hiyo. Kulalamika ndani ya kampuni hakusimamishi hesabu. Hilo linaniuma, kwa sababu sisi wageni ndio tunaongoza kwa kungoja.

Nilichokuwa nacho ni kidaftari cha mfukoni. Humo, kati ya orodha za kununua unga na majani ya chai, niliandika tarehe, saa, maneno ya bosi kwa Kiingereza kama alivyoyatamka, na majina ya waliosikia. Faili la mgonjwa sikuligusa wala kulipiga picha. Hilo lingenifukuzisha kazi kihalali.

Kufungua malalamiko ni bure, hata bila wakili. Sheria haimlindi raia peke yake, na bosi akikulipizia kisasi kwa kulalamika, hilo ni kosa jingine.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, dada mmoja alinieleza kwamba alipunguziwa zamu mara tu mimba ilipoanza kuonekana. Tukafungua kalenda ya simu palepale kwenye maegesho, tukahesabu mwezi kwa mwezi. Alibakiwa na siku tisa. Hakurudi kula na wenzake. Aliingia garini akaanza kujaza fomu.