Zima kwanza, ndipo uingize mkono

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za ofisini, na kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni kumwona mtu mwenye haraka akiingiza mkono kwenye printa iliyotoka kufanya kazi sasa hivi. Printa ya leza hugandisha unga wa tona kwenye karatasi kwa roli zinazofikia nyuzi joto 200 hivi. Karatasi ikikwama karibu na roli hizo, zima, chomoa plagi, subiri ipoe. Kisha ivute taratibu kwa mikono miwili, kufuata upande ilikokuwa ikielekea. Ukiivuta kinyume inachanika, na vipande vinabaki ndani.

Tona ikimwagika, usiipulize. Ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, maana maji moto huifanya igande.

Halafu kuna ekstensheni. Naikuta imekunjwa chini ya meza, imebeba kompyuta, printa na birika la umeme. Birika peke yake laweza kula wati 2,000, wakati kompyuta nyingi za mpakato hazifiki 100. Waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto, ganda lake linaanza kulainika, na hapo moto hauko mbali. Birika lichomekwe ukutani, jamani! Wala ekstensheni isichomekwe kwenye ekstensheni nyingine.

Macho nayo yana haki yake: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Na kabla ya kuinamia mashine ya kuchana karatasi, mwenye nywele ndefu azifunge, mwenye tai aiingize ndani ya shati. Kwa hilo simbembelezi mtu.