Shujaa wa Chupi

"Baba, huyu mzee mbona anapigana na chupi?"

Sikumjibu, maana nilikuwa na shughuli ya kufa. Usiku huo nilikuwa nimeufungua tena mchezo wa video wa Ghosts 'n Goblins kwenye kompyuta, eti nijikumbushe. Arthur, shujaa anayekwenda kumwokoa binti mfalme, akiguswa mara moja, mavazi yake ya chuma yanapasuka, anabaki na chupi. Akiguswa tena, anakuwa mifupa. Huruma yote ya mchezo huo imeishia hapo.

Nyie mliokulia Kondele, Kisumu, mtakikumbuka kile kibanda nyuma ya kinyozi. Mabati, joto la kuchemsha chai, runinga moja yenye mstari wa kijani. Mwenyewe tulimwita Baba Apiyo. Ukifa, unatoa shilingi au unampisha mwenzako. Siku hizi najua kwamba Capcom waliutoa mchezo huu mwaka 1985 kwa zile mashine za kumeza sarafu, ndiyo maana ukawa mkatili hivyo. Mwaka 1986 ukaingia majumbani, mahali ambapo kufa kungekuwa bure. Baba Apiyo, bila kusoma historia yoyote, aliurudisha kwenye asili yake.

Nao ulikuwa na visirani. Ukisharuka, umeruka, huwezi kubadili nia ukiwa hewani. Ukiokota mwenge badala ya kisu, kibanda kizima kinaguna kana kwamba umeleta mkosi. Na lile pepo jekundu lenye mabawa! Linakaa kimya likikungoja, ukilirushia kitu linapaa, halafu linakushukia kutoka upande usioutazamia. Nililichukia kuliko mwalimu wa zamu.

Binamu yangu Omosh ndiye pekee niliyemwona akifika mwisho. Tulibanana nyuma yake hadi kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akaja kusimama mlangoni na mashine mkononi. Ibilisi wa mwisho alipoanguka, tulipiga kelele, mtu akambeba Omosh mabegani, akagonga kichwa kwenye boriti. Hakujali. Alikuwa anamngoja binti mfalme.

Yakatokea maandishi. Omosh akasoma kwa sauti, pole pole, akiwa bado huko juu: chumba hiki ni kiinimacho, ni mtego wa Shetani. Halafu tukaona makaburi. Yale yale ya mwanzo kabisa, tuliyoyajua kuliko njia ya shule. Ili umpate binti, lazima urudie safari yote, tena ikiwa ngumu zaidi.

"Omera, umeibiwa," mmoja akasema.

Omosh akateremshwa. Akaikamata kontrola, akatembea hatua chache, zombi wa kwanza akamvua mavazi, wa pili akammaliza. Baba Apiyo akanyoosha kiganja kama kawaida.

Nimejaribu kujiuliza kama niliupenda mchezo huo au niliipenda tu ile kelele, na sina hakika. Nikiwa peke yangu na kompyuta, haunipi raha hata kidogo. Lakini sijaufuta.

Mwaka jana, kwenye matanga kule Siaya, tulibishana tena. Omosh, ambaye sasa ana mvi kunishinda, anashikilia kwamba alimaliza. Mimi nasema alimaliza nusu. Shangazi akauliza nusu ya nini, nasi tukaangaliana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kueleza habari za mzungu wa chupi makaburini, mbele ya waombolezaji.