Oksijeni ya kipimo kwa mgonjwa wa mapafu sugu

Ndugu wa mgonjwa wanaponiambia, "Sista, muongezee mama hewa," naelewa wanachokiona. Mama aliyepikia kuni maisha yake yote ameinamia mbele, mikono ameikita magotini, anatoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza moto, na sentensi moja inamshinda kuimaliza. Hata hivyo, kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, oksijeni ni dawa yenye dozi: kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kisome kati ya asilimia 88 na 92, na tukizidisha hapo tunaweza kumdhuru.

Mapafu yake yana sehemu zisizopitisha hewa vizuri, na mwili huibana mishipa ya damu ya sehemu hizo ili damu ielekee kwenye sehemu zenye nafuu. Oksijeni nyingi huilegeza mishipa hiyo, damu ikapita mahali isiposafishwa, na hewa ukaa, ile hewa chafu tunayoitoa kwa pumzi, ikazidi kulundikana. Mgonjwa huanza kusinzia, na ndugu hufurahi wakidhani hatimaye amepata usingizi. Usingizi huo hunitia hofu kuliko kuhema kwake. Utafiti wa Tasmania, Australia, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba waliopewa oksijeni ya kipimo tangu kwenye gari la wagonjwa walifariki wachache kuliko waliopewa nyingi.

Ikiwa baada ya dawa za kupanua njia za hewa na steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa njia hizo, bado pH ya damu, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, iko chini ya 7.35 kwa sababu ya hewa ukaa, mgonjwa anahitaji mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa, kwa shinikizo kubwa anapovuta pumzi na dogo anapoitoa. Katika utafiti wa Ulaya wa mwaka 1995, waliohitaji kuwekewa mrija kooni ili mashine iwapumulie walikuwa asilimia 26 kwa waliotumia barakoa hiyo, dhidi ya 74 kwa waliotibiwa bila barakoa, na vifo vilikuwa asilimia 9 dhidi ya 29. Ndiyo maana naamini mashine hii inastahili kuwepo hata kwenye wodi za kawaida, mradi kuna muuguzi wa kukaa karibu.

Mimi sianzi kwa kufunga mikanda. Huishika barakoa kwa mkono usoni pa mgonjwa, kwa shinikizo dogo, nikizungumza naye mpaka pumzi zake zifuatane na za mashine, kwa kuwa anayekosa pumzi akifungwa kitu usoni ghafla hukinyofoa. Damu hupimwa tena baada ya saa moja au mbili.

Mipira ya puani inayopitisha oksijeni kwa mkondo mkubwa humpa nafuu asiyeivumilia barakoa, lakini mkondo huo hufika lita 60 kwa dakika, na hospitali inayotegemea mitungi haiwezi kuihimili kwa muda mrefu. Mrija wa kooni tunaubakizia anayetapika mfululizo, aliyepoteza fahamu, au ambaye barakoa imemshinda. Na kwa kuwa kumwachisha mashine ya mrija mwenye mapafu haya huwa kugumu, ni vyema daktari amuulize mgonjwa mwenyewe kuhusu mrija huo mapema, angali anaweza kujibu.