Nchi Inayoinuka Baada ya Barafu
Maji yanapokupwa pale Raskazone, Tanga, na miamba ya matumbawe kubaki wazi, mimi hufikiria Ufini, nchi ambayo ardhi yake yenyewe inapanda kutoka baharini. Miaka takribani 20,000 iliyopita nchi hiyo yote ilifunikwa na barafu nene, ambayo kwa uzito wake iliididimiza ardhi, na kwa mwendo wake wa taratibu ikakwangua miamba na kuacha mabonde ambayo leo ni maziwa yapatayo 188,000. Barafu iliposita katika kurudi nyuma, mchanga na kokoto vilirundikana vikawa matuta marefu ya Salpausselkä.

Linalonigusa zaidi ni kwamba ardhi ile, iliyotuliwa mzigo wake, bado inainuka: kwenye mlangobahari wa Kvarken, kati ya Ufini na Uswidi, hupanda karibu milimita 8 kwa mwaka, na visiwa vipya huchomoza. Mji wa Vaasa ulipoungua mwaka 1852 ulijengwa upya kilomita kadhaa kuelekea pwani, kwa kuwa bahari ilikuwa imekwisha kuikimbia bandari yake ya kale.

Hata kwetu barafu za zama hizo, za huko na kwingineko duniani, zilifika kwa namna yake, maana zilishika maji mengi kiasi kwamba bahari ilishuka mita 120 hivi, na Unguja ikaungana na bara.