Mchanga wa paka kwenye tangi la mimea: KH imetulia

KH, yaani kipimo cha bikaboneti iliyomo majini, imesimama kwenye digrii 12 katika tangi langu la mimea, ambalo chini nimetandaza mchanga wa choo cha paka ili mizizi ishike humo. Nimepima asubuhi, nimepima jioni, nimerudia kwa sampuli ya mililita 10 badala ya 5 ili kila tone la kipimo lihesabike kama nusu digrii, na bado ni 12, sawasawa na maji yanavyotoka bombani hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma. Mliofuatilia hili tangi la lita 60 mnajua namba hiyo nimeitafuta kwa muda gani.

Kuhusu mfuko wenyewe wa mchanga wa paka sitarudia mengi. Ni udongo uliookwa, usiogandana, usio na manukato, na ilibidi uletwe kutoka Dar kwa basi kwa sababu maduka niliyozunguka hapa mjini yalikuwa na ule wa kugandana tu. Ule ni bentonaiti mbichi, ukilowa unavimba na kuwa uji. Kipimo changu ni kilekile: konzi moja kwenye glasi ya maji, ilale hadi asubuhi, kisha bonyeza punje kwa vidole. Zikibaki punje, endelea. Zikiwa tope, mwachie paka.

Tatizo lilikuwa moja na lilikuwa kaidi. Najaza maji ya KH 12, kesho yake ni 5, keshokutwa 2. Namwaga nusu na kujaza mapya, inapanda, halafu inaporomoka tena, na pH, kipimo cha asidi, inaifuata chini. Kwa Vallisneria, mmea wa chini ya maji ambao hupenda maji magumu na hujua kuchota kaboni yake kwenye bikaboneti, hayo ni mateso. Majani yaliyeyuka kuanzia nchani nikabaki na visiki. Samaki aina ya gapi sikuwaingiza kabisa. Bakteria wanaogeuza amonia nao wanatumia alkali hiyohiyo, takriban miligramu 7 kwa kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia, kwa hiyo tangi lenye KH inayokaribia sifuri ni tangi ambalo hata kukomaa halikomai.

Ushauri unaozunguka ni kubadilisha maji kila siku mpaka mchanga ushibe. Kikemia ni sahihi, ila unadai bomba linalotoka kila siku. Mtaani kwetu maji ni ya mgao, simtank ni ya nyumba nzima, na maji ya kupikia na kufulia yana haki ya kwanza. Ningefuata ushauri huo ningemaliza kiangazi chote nikimwaga maji.

Basi nikakaa na kujiuliza KH inakwenda wapi. Punje za udongo huu zina chaji hasi, na zinatoka kwenye mfuko zikiwa zimeshika hidrojeni nyingi. Zikikutana na maji magumu zinadaka kalsiamu na magnesiamu, zinaachia hidrojeni, hidrojeni inakula bikaboneti, na kinachobaki ni maji na kaboni dioksidi inayopaa zake. Akadama, udongo wa bustani wa Wajapani, inafanya hivyohivyo. Aqua Soil, udongo wa matangi wa ADA, kampuni aliyoianzisha Takashi Amano mwaka 1982, nayo hushusha KH, na wanaofuga samaki wa maji laini huinunua kwa sababu hiyo. Na ni uwezo huohuo tunaoutaka, maana punje zikishashiba kalsiamu zitaanza kushika amonia na potasiamu na kuzigawia mizizi taratibu. Kuukimbia ni kukimbia faida ya mchanga wenyewe. Kinachotakiwa ni kuushibisha kabla haujaingia tangini, kwa maji machache.

Jibu nililipata shambani. Mkulima mwenye udongo wa asidi haumwagilii mpaka ubadilike, anautia chokaa. Chokaa iliyozimwa ni hidroksidi ya kalsiamu: kalsiamu inakaa pale ilipokuwa hidrojeni, na hidroksidi inaikamata hidrojeni inayofukuzwa na kuigeuza maji. Kijiko kimoja kinafanya kazi mbili.

Nilichofanya: mchanga ulioshaoshwa vumbi, nusu ndoo ya lita 20, maji kupita juu yake kidogo, kijiko cha chakula cha chokaa nyeupe ya kupakia ukuta. Hakikisha ni chokaa tupu isiyotiwa gundi wala rangi. Koroga kwa mwiko, acha, pima pH kwa karatasi. Mwanzoni pH inapanda juu kabisa, halafu baada ya saa chache inashuka, na hapo unajua mchanga unakula. Ongeza kijiko kingine. Siku pH ilipolala juu na kuamka juu nilijua umeshiba. Kisha suuza mpaka maji ya kusuuzia yalingane na ya bomba kwa pH na KH. Vaeni glavu, lindeni macho, na ndoo ikae mbali na tangi lolote lenye samaki, kwa sababu maji ya chokaa hufika pH 12 na yanachoma. Maji ya kwanza ya vumbi nimeyapeleka kwenye mzabibu wangu ukutani. Ya chokaa nimeyaacha wazi kwenye beseni mpaka yakafanya utando mweupe juu, yaani chokaa inarudi kuwa kaboneti kwa hewa ya kawaida, ndipo nikayamwaga uani.

Uthibitisho ni chupa tatu za maji ya kunywa zilizokaa dirishani usiku kucha, zote zimejazwa maji ya bomba. Yenye maji matupu: 12. Yenye mchanga kama ulivyotoka mfukoni: 4. Yenye mchanga wa chokaa: 12. Nilimwita hadi jirani aje kuona rangi ya matone ya kipimo ikigeuka kutoka buluu kwenda njano.

Kuhusu vifaa, nasema wazi: karatasi za kuchovya ni sawa kwa pH ya kwenye ndoo, lakini kwa KH msizitegemee, haziwezi kutenganisha 3 na 6. Nunueni kipimo cha matone. Chekeche la unga linaziba haraka. La fundi ujenzi, lile la kuchungia mchanga wa plasta, linafanya kazi kwa nafasi na halipindi. Na barakoa wakati wa kuchekecha si anasa, vumbi lile lina silika na halifai mapafuni.

Hatua iliyofuata ilikuwa chupa ya hamira na sukari kwa ajili ya kaboni dioksidi. Nimeiweka kando kwa sababu ya vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika.

Nilikuwa soko la Sabasaba kutafuta chekeche nikapita kwa mama mmoja anayeuza vyungu. Pembeni ana rundo la vilivyovunjika.

"Mbukwa mama. Hivi unavifanyia nini?"

"Chukua tu mwanangu. Hivyo nani atapikia?"

Nilirudi na mfuko mzima. Hebu fikirieni: mchanga wetu wa paka ni udongo wa mfinyanzi uliookwa vya kutosha usirudi kuwa tope, lakini haukuokwa mpaka ukawa kioo. Chungu kinachochomwa kwa moto wa wazi hupata kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, na ndipo hapohapo tunapopataka. Tofali la kuchoma sikuliamini, kwa sababu la katikati ya tanuri huiva kupita kiasi na la pembeni hubaki bichi. Wazo la kuoka mwenyewe udongo mweusi wa mbuga ninalo pia, maana ule una madini ya ukoo wa bentonaiti. Ukiwa mbichi ndio tope ambamo samaki wa Nothobranchius hutaga huko mbugani, bwawa linakauka, mayai yanasubiri mvua ya mwaka unaofuata ndani ya udongo uliopasuka. Nauheshimu mno kuuchezea bila tanuri la maana.

Vigae nimevitwanga kwenye kinu kibovu, nimechekecha nikabakiza punje za milimita 2 hadi 4. Kwenye glasi havilegei. KH havikuishusha hata digrii moja, na hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu huenda ni udongo ulioshiba tayari au ni udongo usioshika kitu. Nikaweka chupa nyingine zenye maji ya amonia miligramu 4 kwa lita. Asubuhi mchanga wa paka ulikuwa umeishusha hadi karibu 0.5. Vigae vimeishusha hadi 2.

Kwa hiyo vinashika, ingawa nusu nusu, na havikunigharimu shilingi. Pia ni vizito, mche ukiupanda haupandi juu ya maji kama kwenye mchanga wa paka ambao ni mwepesi mno. Tangi nimeligawa kwa kipande cha kioo: kushoto mchanga wa chokaa, kulia vigae, pande zote machipukizi ya Vallisneria kutoka mmea mama mmoja. Kushoto kuna jani jipya. Kulia bado.

Mlioko Kondoa, Mpwapwa na Singida, ambako udongo wa vyungu ni mwingine, tafadhali twangeni vigae vya huko, fanyeni chupa ya amonia, mniandikie namba.